Kinanda kisicho na sauti

Karibuni, ndugu zangu maprodyuza, pamoja nanyi mnaoanza. Nikibonyeza kinanda hiki hapa mezani, hamsikii kitu. Kinachopita kwenye waya wa USB ni taarifa tu: noti namba 60 imebonyezwa, kwa nguvu ya 96, chaneli (njia ya taarifa) ya kwanza. Sauti inaundwa na programu ndani ya kompyuta. Taarifa hizo ndizo MIDI. Watu walizishuhudia hadharani Januari 1983 kule Marekani, kinanda cha Sequential kilipounganishwa na cha Roland, kampuni mbili zilizokuwa zikigombea soko moja. Chaneli 16 na namba za 0 hadi 127 tunazitumia mpaka leo.

Kwa hiyo sauti isipotoka, msikimbilie kununua waya mwingine. Tafuteni taarifa imekwama wapi. Kwenye FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, ingia kwenye mipangilio ya MIDI, chagua jina la kinanda chako, kiwashe. Halafu bonyeza noti, utazame kitaa cha MIDI. Kikiwaka, kinanda ni kizima. Huenda hujachagua ala ya ndani ya programu ya kupokea taarifa zake. Kisipowaka, angalia kama kuna programu nyingine wazi iliyokishikilia.

Sauti ikichelewa kufuata kidole, punguza bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuitoa. Kwa sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1024 peke yake inakula milisekunde 23. Ya 128 inakula 3 hivi. Ukimaliza kurekodi, ipandishe tena ili kompyuta isianze kukwaruza.

Sasa niseme linalonigusa zaidi, hasa kwenu mnaopiga taarab. Ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na fidla zinatoa robo toni, yaani nusu ya nusu toni. Kinanda kina nusu toni tu, hatua ya kutoka kibonye kimoja hadi kinachofuata. Matokeo yake tunasikia Rast, mojawapo ya ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, iliyonyooshwa kwa nguvu, noti ya tatu imekaa juu kuliko inavyotakiwa, na msikilizaji mzee wa Unguja anajua papo hapo kuna kitu kimepotea. Haina haja iwe hivyo! Gurudumu la kupinda noti, hili la kushoto, lina hatua 16,384. Mara nyingi limepangwa lishuke nusu toni mbili na kupanda nusu toni mbili, kwa hiyo kushuka robo toni ni hatua 2,048 kutoka katikati. Rast ikianzia Do, hiyo noti ya tatu ya kushusha ni Mi. Mkono hautulii hapo, kwa hiyo andikeni namba hiyo ndani ya programu, noti kwa noti, kisha mrudishe gurudumu katikati.

Jihadharini na jambo moja: gurudumu linapinda chaneli nzima. Melodia iwe na chaneli yake, na kodi (noti zinazopigwa pamoja) za mkono wa kushoto ziwe na yake, la sivyo vyote vitashuka pamoja.

Aliyekuja na kinanda chake asogee mbele, tukiunganishe sasa hivi.