Mji Uliouteka Si Lazima Uwe Wako

Karibuni. Leo tuzungumzie kitu ambacho wachezaji wengi wa gemu za mikakati hukiruka: cha kufanya baada ya kushinda. Kupigana tunajua. Ukuta ukishaanguka, gemu inakuuliza: uuchome mji, uuchukue, au umrudishie mwenyewe? Wengi wetu kidole kinakimbilia kuchukua kabla hata ya kusoma maandishi. Mimi nasema kurudisha kunalipa kuliko tunavyodhani, na wala siongelei huruma.

Tuangalie gharama kwanza. Katika Civilization V, iliyotoka mwaka 2010, mji ulioutwaa moja kwa moja huleta manung'uniko mengi mpaka uujengee mahakama. Ukiuacha uwe kibaraka, manung'uniko yanapungua, ila huna usemi juu ya kinachojengwa humo. Unataka askari, wenyewe wanajenga soko. Ukiukomboa, yaani ukimrudishia aliyenyang'anywa na adui yako, mzigo wote huo unautua. Na kama taifa lenyewe lilikuwa limeshafutwa kwenye ramani, linafufuka. Gemu hiyo ilipotoka, taifa ulilolifufua lilikupigia kura kwenye Umoja wa Mataifa, na kura hizo ndizo zilizoamua ushindi wa kidiplomasia. Kura ya ushindi kwa kimji kimoja kilichobaki magofu! Nani angekataa?

Dola tegemezi, yaani nchi inayobaki na serikali yake lakini iko chini yako, nazo ni ndugu wa habari hii. Civilization IV ilizileta mwaka 2006 kupitia nyongeza yake ya Warlords. Kuna anayekuwa tegemezi kwa kusalimu amri vitani, na kuna anayekuja mwenyewe kutafuta ulinzi. Wote wanaingia vitani pamoja nawe, na nusu ya ardhi yao inahesabiwa kwako unapotafuta ushindi wa kutawala dunia. Lakini ulinzi ni deni: ukimwacha aliwe na majirani hadi apoteze sehemu kubwa ya ardhi yake, ana haki ya kujitoa.

Gemu iliyolichimba jambo hili hasa ni Europa Universalis IV, ya mwaka 2013. Hapa nitakaa kidogo. Mchezo unaanza mwaka 1444, na Waosmani wameikalia Bulgaria. Tuseme umewapiga. Usiwanyang'anye majimbo yote ya Bulgaria; chukua moja tu, kisha iachie Bulgaria izaliwe upya kama dola tegemezi yako. Mkataba wa amani ukiisha, unarudi vitani ukidai ardhi ya Bulgaria, si yako. Majirani wananuna kidogo tu, kwa sababu ardhi inarudi kwa mwenye haki nayo. Ungejitwalia wewe, wangeungana dhidi yako. Tena ile kazi ya kuyahalalisha majimbo, yaani kuyafanya yatambulike rasmi kuwa ya aliyeyateka, inayokula pointi zako za utawala, hapo haipo kabisa: Bulgaria ana haki nayo tayari.

Mtego uko kwenye kumnenepesha. Kila tegemezi ana kipimo cha hamu ya uhuru. Kikifika asilimia 50 hakutii tena, na vita ikija anakaa kando akikutazama. Wachezaji wageni husema, "Huyu wangu mdogo, atanifanya nini?" Gemu haimpimi peke yake. Inajumlisha nguvu zake na za tegemezi wenzake, halafu inalinganisha na zako. Watano wadogo, kila mmoja hohehahe, wanaweza kukutunishia misuli kwa pamoja. Ndiyo maana ukitoka vitani jeshi limekwisha, hao ndio wa kuwachunguza mwanzo, kabla ya adui uliyempiga.

Kuna swali limeletwa hapa mbele: je, si ni bora kuwameza mapema, yaani kuiunganisha ardhi yao na yako? Inawezekana baada ya miaka 10, mkiwa na uhusiano mzuri, kwa pointi za diplomasia. Mimi humeza mmoja, basi, kisha nangoja. Kila unapomeza mmoja, waliobaki wanakuchukia zaidi, na hamu yao ya uhuru inapanda siku hiyohiyo.