Fundi Aketi Kwenye Meza ya Michoro

Walimu wangu, wanafunzi, na nyinyi mafundi mliofunga karakana zenu ili mje hapa leo, habari za asubuhi.

Tukizungumzia ushirikiano wa vyuo na watengenezaji, tunakimbilia mifano ya ng'ambo. Mimi nitaanza na jiko la mkaa lenye kiuno, bati nje, udongo ndani. Wengi wenu mmelelewa kwa chakula chake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Kenya walikwenda Thailand, wakaona jiko la umbo la ndoo. Wazo walirudi nalo, ila lilikuwa halijaiva. Udongo wa miundo ya mwanzo ulipasuka kwa moto. Na jiko la kwetu lazima lisimame imara mtu anaposonga ugali kwa nguvu zote. Hapo ndipo mafundi wa jua kali, waliozoea kukata mapipa na kukunja bati, walipokuwa na la kusema. Kikapatikana kitako kipana, na udongo ukabaki nusu ya juu tu, pale mkaa unapowaka, ukashikizwa kwa saruji na vamikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto lisipotee. Jiko la bati tupu hufikisha sufuriani asilimia 10 hadi 20 ya joto. Hili, 25 hadi 40.

Muundo haukufungiwa hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasiuige. Mafundi wakaiga, bei ikashuka, na Dar es Salaam tukapata letu, lililoitwa Jiko Bora. Lakini tusifiche gharama yake: udongo uliochomwa nusunusu nao uliingia sokoni, na mnunuzi hautambui kwa macho. Kwa maoni yangu, hapo ndipo msomi anapohitajika kuliko siku ya mchoro wa kwanza, apime udongo, afundishe joto la tanuri, kisha arudi tena.

Sasa tujitazame. Mwanafunzi anabuni kiti, anapewa alama, kiti kinaishia stoo. Fundi samani wa Keko, hapa Dar es Salaam, angekigeuza mara moja tu akamwonyesha mguu utakaochomoka.

Naiomba idara, kuanzia muhula ujao, fundi akae kwenye jopo la watahini, na alipwe kama mtahini mwingine yeyote. Michoro ya mwaka wa mwisho iwekwe wazi, kwa Kiswahili, pamoja na vipimo vyake. Nanyi mafundi, mkibadilisha kipimo, tuleteeni habari, hata kama mmegundua tulikosea.

Maswali sasa. Tuanze na waliotoka Keko.