Uzi wa droni: nani anashika usukani?

WASSWA: Karibuni tena, wasikilizaji. Mimi ni Wasswa, tuko Kampala, na dada Akello yuko mezani. Leo ni droni za vita. Jirani zetu Watanzania wengine huiita ndege nyuki, jina tamu, ila sisi tutabaki na droni. Tuiache kwanza ile mikubwa yenye mabawa ya mita 12 na bei ya mamilioni ya dola. Tuanze na kadogo haka wanakokaita FPV, kale kanakoongozwa kwa kutazama kupitia kamera yake.

AKELLO: Na tukaangalie kama fundi wa Kisenyi angekaangalia. Fremu ya kaboni, mota nne, propela za inchi 7 hadi 10, kamera, kifaa cha kurusha video, kipokezi cha rimoti, betri ya lithiamu ya seli sita. Basi. Mwendeshaji amevaa miwani, anaona kile ambacho kamera inaona. Mzigo, yaani bomu, ni kilo moja hadi tatu hivi, na ukishaubeba, betri inakupa dakika 10 au 15. Huko Ukraine kamoja kanagharimu dola 400, 500.

WASSWA: Milioni moja na laki nane za kwetu, hapo hapo. Bodaboda mpya ni ghali kuliko hiyo.

AKELLO: Ghali mara mbili na zaidi. Sasa nikupe namba mbili uziweke pamoja, maana watu wengi hushika moja tu. Februari 2025 taasisi ya RUSI ya London ilitoa ripoti kuhusu vita vya Ukraine. Ilisema kati ya asilimia 60 na 80 ya FPV za Ukraine hazifiki kwenye shabaha. Ripoti hiyo hiyo ikasema droni ndogo ndizo zilizohusika na asilimia 60 hadi 70 ya zana za Urusi zilizoharibiwa au kuteketezwa.

WASSWA: Ngoja. Nyingi zinapotea njiani, na bado ndizo zinazofanya kazi kubwa?

AKELLO: Ndiyo. Ukipoteza nne za dola 500 na ya tano ikalipata gari la dola milioni mbili, hesabu haikusumbui. Kinachokusumbua ni kwa nini zile nne zimepotea. Na jibu, mara nyingi, si risasi. Ni uzi.

WASSWA: Uzi usioonekana, yaani mawimbi.

AKELLO: Mawimbi mawili, na watu huyachanganya. La kwanza linatoka kwa mwendeshaji kwenda kwenye droni: pinda kushoto, shuka, ongeza mwendo. Hilo mara nyingi hupita kwenye megahezi 900 au gigahezi 2.4. La pili linatoka kwenye droni kurudi kwa mwendeshaji, nalo ni video, kawaida gigahezi 5.8. Sikio la amri liko juu, kwenye droni. Sikio la video liko chini, kwenye antena ya mwendeshaji.

WASSWA: Kwa hiyo adui akifunga mtambo wa kuvuruga mawimbi juu ya gari lake…

AKELLO: …anaziba lile sikio la juu. Mtambo huo hauigusi droni hata kidogo, unapiga kelele tu kwenye masafa yale yale. Nenda kwenye paki ya taksi asubuhi, ujaribu kumwita mtu aliye ng'ambo ya pili huku mpiga debe amesimama sikioni mwake. Huhitaji mpiga debe mwenye sauti kuliko yako. Inatosha kuwa yuko karibu. Mwendeshaji yuko kilomita kumi nyuma, mtambo uko mita mia mbele ya droni. Kwa hiyo mwendeshaji anaona picha safi kabisa, gari lile pale, dereva yule pale, lakini akisukuma rimoti hakuna kinachosikia. Anaona kila kitu, usukani hana.

WASSWA: Hiyo inauma! Lakini mtambo nao una dosari zake.

AKELLO: Nyingi. Kila kipande chake kinaziba masafa fulani tu. Wapinzani wakihama kutoka 900 kwenda 700, mtambo wako umegeuka pambo. Ukiongeza vipande, unaongeza joto, unakula betri ya gari, na unaanza kuziba redio na droni za wenzako. Kuna vikosi vilivyopoteza droni zao wenyewe kwa sababu kikosi cha jirani kiliwasha mtambo bila kutoa taarifa. Halafu ukiuwasha, wewe mwenyewe unaonekana: mwenye vifaa vya kusikiliza anajua kelele inatoka wapi, na mizinga inafuata.

WASSWA: Na upande wa video? Nimesikia watu wakishangaa kwa nini bado wanatumia video ya analogi, kama televisheni za zamani zenye chenga.

AKELLO: Kwa sababu ya chenga zenyewe! Video ya kidijitali mawimbi yakidhoofika huganda, unabaki na picha ya sekunde iliyopita huku droni inakwenda kilomita 100 kwa saa. Ya analogi inaharibika polepole: chenga, chenga zaidi, lakini ndani ya chenga bado unaona umbo la gari. Na ni rahisi bei. Tatizo lake kubwa ni mwisho wa safari. Mawimbi hayo hayapindi kilima. Droni ikishuka kwenye mita chache za mwisho, nyuma ya miti au ukingo wa handaki, picha inakatika kabla haijafika. Ndiyo maana wengine hurusha droni ya pili juu, kazi yake ni kupokea na kupokeza tu. Wengine wanafunga kompyuta ndogo inayoshika picha ya shabaha na kumalizia safari hata uzi ukikatika.

WASSWA: Hapo ndipo mabishano ya maadili yanapoanza, mashine kumalizia yenyewe.

AKELLO: Yanaanza, ndiyo, lakini kinachoisukuma mashine hiyo si tamaa ya roboti. Ni chenga za mita 50 za mwisho. Anayetaka kujadili marufuku ajue hilo kwanza.

WASSWA: Kabla hatujaenda kwenye faiba, yaani droni za waya: uzi huu si wa droni peke yake. Chukua risasi ya mzinga ya milimita 155 iitwayo Excalibur, ya Marekani, moja inakaribia dola laki moja. Inaongozwa na GPS. Setelaiti za GPS ziko kilomita 20,000 juu. Mawimbi yakifika chini ni mnong'ono. Warusi walipoyazamisha kwa kelele, tathmini za Waukraine wenyewe zilionyesha ulengaji umeshuka chini ya asilimia 10. Mzinga ni mzima, baruti ni nzima, mnong'ono tu ndio umepotea.

AKELLO: Na hilo liko karibu na sisi. Mwaka 2024 Marekani ililalamika kwenye Umoja wa Mataifa juu ya kuvurugwa kwa GPS huko Kivu Kaskazini. Hapo unazungumzia pia ndege zinazobeba misaada.

WASSWA: Haya, faiba.

AKELLO: Faiba ni pale mtu alipochoka kupigania mawimbi akasema, basi nifunge kamba. Kamba ya kweli. Warusi waliitumia kwa wingi kule Kursk, ndani ya Urusi, mwaka 2024, na Waukraine wakafuata. Ni waya wa kioo mwembamba, unene wa uzi wa kuvulia samaki, kilomita 10, 15, 20 kwenye rola moja. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea: rola iko wapi?

WASSWA: Mtu angesema iko chini kwa mwendeshaji, kama tiara ya mtoto.

AKELLO: Ingekuwa chini, droni ingeuburuta waya wote juu ya miti, na ungekatika kabla ya kilomita moja. Rola iko kwenye droni. Waya unachomoka kwa nyuma na kulala chini, hausogei tena. Mvuvi wa Ggaba anayemwaga kamba huku mtumbwi unakwenda ataelewa mara moja: kamba haivutwi, inaachwa.

WASSWA: Na hakuna mtambo wa kuziba mwanga ndani ya kioo.

AKELLO: Hakuna. Picha ni safi mpaka mwisho, hata ndani ya ghala, hata chini ya mita moja. Droni inaweza kutua kando ya barabara, ikazima mota, ikangoja msafara upite. Lakini si bure. Rola ni kilo na zaidi, na kilo hiyo unaitoa kwenye mzigo. Huwezi kupinda ghafla. Ukirudi nyuma, propela inakata waya wako mwenyewe. Ukiviringishwa vibaya kiwandani unakwama ukiwa hewani. Na jua likipiga, mashamba yanameta kama yamefunikwa na utando wa buibui. Askari hodari akiufuata uzi anaweza kufika kwa mwendeshaji.

WASSWA: Dawa yake basi imekuwa nyavu. Hilo lilinichekesha kidogo, si kwa ubaya. Teknolojia ya mwaka 2025 inazuiwa na nyavu za samaki! Wavuvi wa Brittany, Ufaransa, wamekuwa wakipeleka nyavu zao kuukuu Ukraine. Zinafungwa kwenye nguzo pande zote mbili za barabara na juu, gari linapita kama ndani ya handaki. Propela ikigusa wavu imekwisha.

AKELLO: Mpaka tobo litokee. Wavu uliopasuka usiku bila mtu kujua ni mlango, droni inaingia na kufukuza gari ndani kwa ndani, dereva hana pa kukwepea. Kwa hiyo lazima kuwe na watu wa kukagua na kushona kila siku, na hao nao wanawindwa.

WASSWA: Sasa magari yenyewe. Kwa msikilizaji wa Uganda hapa ndipo penye kitu. Jeshi letu liliingia Somalia Machi 2007. Hatari ya barabara kule imekuwa bomu lililofukiwa. Ndiyo sababu ya Casspir na Mamba, yale magari marefu yenye tumbo la umbo la V: mlipuko unatoka chini, unagawanyika kushoto na kulia, waliomo ndani wanabaki hai.

AKELLO: Gari hilo lina akili nyingi chini. Sasa geuza hatari iwe juu. Paa ni jembamba, kwa sababu hakuna aliyelipa uzito wa chuma pale. Hata kifaru kiko hivyo: deraya nene iko mbele, paa na nyuma ya injini ni nyembamba. Aprili 2024 maofisa wa Marekani walisema kwamba Ukraine imeviondoa mstari wa mbele vifaru vya Abrams, kati ya 31 ilivyopewa na Marekani, kwa sababu ya droni.

WASSWA: Na kuchomelea kizimba cha nondo juu?

AKELLO: Kinasaidia, si uongo. Mzigo unalipukia mbali na chuma. Lakini Warusi walikwenda mpaka kujenga banda zima juu ya kifaru, mpaka watu wakakiita kobe. Kobe huyo hawezi kuzungusha mzinga, dereva haoni pembeni, na uzito unaua giaboksi. Umelinda paa, umepoteza kifaru.

WASSWA: Kwa haraka, Shahed, ile droni ya Iran ambayo Urusi inairusha Ukraine, maana watatuuliza. Hiyo ni ya masafa marefu: kilo 200 hivi, mwendo wa kilomita 185 kwa saa, injini ya pistoni. Inavyonguruma, Waukraine waliibandika jina la mopedi. Bei inakadiriwa dola 20,000 hadi 50,000. Kombora moja la Patriot la kuiangusha ni karibu milioni nne.

AKELLO: Kwa hiyo huitumii Patriot. Unatumia bunduki kubwa juu ya pikapu, taa, vinasa sauti vijijini vya kusikia mopedi inaelekea wapi, na siku hizi droni ndogo za kuigonga angani. Na usidhani ni mambo ya Ulaya. Mei 2025 droni zilipiga Port Sudan, mji ambao serikali ilikuwa imekimbilia kwa sababu ulikuwa mbali na mapigano. Maghala ya mafuta, uwanja wa ndege.

WASSWA: Tumalizie na majeruhi. Nadhani hapo ndipo pamebadilika kuliko pote.

AKELLO: Pamebadilika vibaya. Mafunzo ya zamani yalikuwa hivi: funga mkanda wa kubana damu juu ya jeraha, andika saa, mfikishe kwa daktari wa upasuaji ndani ya saa moja. Mkanda ukikaa zaidi ya saa mbili, kiungo kinaanza kuwa hatarini; ukikaa saa sita na kuendelea, mara nyingi unakwenda kukata. Lakini kama droni zinatazama kilomita 10 au 15 nyuma ya mstari wa mbele, ambulansi haiji mchana. Helikopta haiji kabisa. Mtu anangoja giza, au ukungu, au mvua, kwa sababu droni ndogo hazipendi mvua wala upepo mkali.

WASSWA: Kwa hiyo muuguzi wa handakini anafanya kazi ambayo zamani ilikuwa ya hospitali.

AKELLO: Anafundishwa kuugeuza ule mkanda. Kabla saa mbili hazijaisha anakagua: majeruhi hayuko kwenye mshtuko, kiungo hakijakatika, na ataweza kulitazama jeraha muda wote. Anajaza jeraha shashi, anakandamiza kwa dakika kadhaa, anafunga bandeji ya kubana, halafu anaulegeza mkanda pole pole bila kuutoa. Damu ikirudi, anaukaza tena na kuandika saa upya. Kosa la kawaida ni kufunga mkanda kwa jeraha ambalo bandeji tu ingetosha, kwa sababu ya hofu, kisha hakuna anayekumbuka ulifungwa lini.

WASSWA: Na anayemchukua usiku?

AKELLO: Mara nyingine si mtu. Ni kigari cha magurudumu au minyororo, mwendo wa mtu anayetembea, majeruhi amelazwa juu na kufungwa mikanda, na mwendeshaji yuko kilomita kadhaa nyuma anakiongoza kwa kamera. Nacho kina uzi wake. Ukikatika katikati ya shamba, yule aliyelazwa juu yake hana rimoti.

WASSWA: Wiki ijayo, mabomu ya ardhini na mashine za kuyategua. Haya, dada, weeraba.