Bedford ya jeshi iliyolala migombani Usa River: leo tunaiwasha, ila shika ubao kwanza

Oya wazee karibuni tena, tupo gereji hapa Unga Limited, samahani kwa hizo kelele, jirani anakata bati na nikimwambia apumzike atasema mimi ndo nimezidi na malori yangu. Leo ndo siku yenyewe. Nyie mnaoniuliza kila wiki "fundi lini tunasikia mngurumo", Mungu akipenda ni leo.

Kwa wageni, hii ni Bedford MK. Lori la jeshi la Uingereza, tani 4, linavuta mbele na nyuma, dizeli silinda 6, lita 5.4. Hawa Bedford kiwanda chao cha malori kilikuwa Dunstable na kiliuzwa 1987, kwahiyo habari za spea mpya kwenye boksi sahau, ni kutafuta, kuchonga, au kuazima kwa mwenye roho nzuri. Limefikaje Usa River? Jeshi lao likiyachoka linayauza, kampuni za kutembeza wazungu zikawa zinayanunua, wanafunga viti na turubai nyuma wanashuka nayo toka London, Nairobi, Arusha, Ngorongoro, mengine yanaunganisha mpaka Cape Town. Mengi hayakurudi kwao. Hili tumelikuta kwenye migomba, kuna mparachichi umeota kwenye bodi, sisemi pembeni ya bodi, nasema umetoboa mbao za chini ukatokea juu. Na mzee jirani wa pale kila akipita ananiuliza hili ndo la vita ya Kagera? Hapana mzee wangu, hili lilikuja na watalii. Kesho yake anauliza tena, nikaona basi, shikamoo mzee, ndiyo hilo hilo.

Kuna kitu napenda kwenye hizi MK, ngoja dogo asogeze kamera, hapo, juu ya kabini kuna tundu la duara na mfuniko wake, la askari kusimama na bunduki. Watoto wa mtaani wanapanga foleni kutoa kichwa hapo.

Sasa kulitoa shambani sitaki kuwachosha, video ya wiki iliyopita ipo. Kifupi: fukuza manyigu kwanza (yalikuwa nyuma ya dashibodi, mkono wangu mnauona mpaka leo), kata mti, fungua propela shafti zote mbili (vile vyuma virefu vinavyozungusha tairi za mbele na nyuma) kabla hujavuta, maana hujui gia boksi na difu zina oili au zina maji ya mvua, alafu trekta. Viatu vya breki vikigandana na dramu, vuta mbele kidogo, rudi nyuma kidogo, usilazimishe. Na nati za tairi za upande wa kushoto zinafunguka kinyume, mtu akishindwa anaenda kuongeza bomba kwenye spana, anakata stadi, anakuja kunililia mimi.

Tairi nalo nisipite hivihivi. Hizi 12.00-20 zinakaa kwenye ringi za vipande, zina loki, ile pete ya chuma inayobana tairi. Kabla hujagusa loki, toa pini ya valvu, upepo uishe wote, WOTE. Na kujaza upepo mpelekee fundi mwenye keji, kizimba cha chuma cha kuwekea tairi. Ile loki ikiruka haina cha samahani.

Haya, injini. Miaka yote hiyo imekaa, pistoni zimeshikana na silinda. Usiweke betri ukapiga stata, utavunja meno yake. Toa nozeli zote 6 (zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda), kwenye kila tundu weka vijiko kama 3 vya dizeli uliyochanganya na ATF, oili ya gia boksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, acha siku 3. Alafu spana kubwa kwenye nati ya puli ya krenki, taratibu, kuelekea kulia ukiwa umesimama mbele ya gari. Ikisogea hata robo, shangilia, rudisha, sogeza tena. Hii ilitoka siku ya 4 asubuhi, mimi na dogo tukaenda kunywa supu.

Ikishazunguka, kabla hujarudisha nozeli, funika yale matundu na gunia alafu izungushe itapike ile dizeli yote iliyobaki ndani. Ukiacha kimiminika juu ya pistoni, kile hakibonyei, utapinda konrodi, chuma kinachounganisha pistoni na krenki. Na kuna sababu nyingine ya kuitapisha, nakuja kwenye hiyo, ndo maana ya video nzima hii.

Oili mpya, filta mpya, maji kwenye rejeta. Hamna cha kufundisha hapo.

Washa (zile pete nyembamba) za kopa za chini ya nozeli: mpya ninazo, nauza, namba ipo chini ya video. Kama huna hela, chukua ile ya zamani weka kwenye jiko la mkaa mpaka iwe nyekundu, tupia kwenye maji, kopa inakuwa laini inakaa tena. Naona dogo ananiangalia, ndiyo, nimejiharibia biashara.

Tenki lake msilitumie leo. Nililifungua nikakuta uji. Chukueni dumu la lita 20, dizeli safi, hosi mbili mpya, moja ya kuvuta na moja ya kurudisha, fungeni dumu juu ya bampa.

SASA. Dogo sogea hapa, nionyeshe pampu ya nozeli. Karibu zaidi. Hapo hapo.

Wazee nisikilizeni vizuri. Mwaka juzi nipo Moshi, Pasua, lori jingine siyo hili, nimefanya kila kitu vizuri, nimewasha, imeshika mara moja, watu wanapiga makofi. Sekunde ya 3 ikaanza kupanda. Sikukanyaga mafuta! Inapanda tu, inalia kama inataka kuruka, nikazima swichi, haizimi. Nikavuta kamba ya kuzimia, kamba imekatikia ndani. Nikachukua shati la fundi mwenzangu nikaziba mdomo wa hewa, ikalimeza. Shati zima, na vifungo. Alafu ukasikika mlio mmoja tu, paa, konrodi imetokea ubavuni mwa bloku. Injini nzuri kabisa ile. Mwenye gari hakusema neno alikaa tu kwenye ndoo.

Ilikuwaje? Dizeli siyo petroli, haina mlango wa kuzuia hewa wala cheche ya kukata. Ukizima swichi hujazima kitu. Spidi yake inatawaliwa na mafuta tu, na mafuta yanapimwa na kafimbo kanakoteleza ndani ya hii pampu, mafundi wa pampu wanaita reki. Gari ikiwa imezimwa zile springi za gavana, kidhibiti cha spidi, zinaisukuma reki upande wa mafuta mengi, ili asubuhi iwake haraka. Sasa gari ikilala miaka, dizeli inageuka gundi, reki inaganda palepale, kwenye mafuta mengi. Unawasha, inakupa yote, hamna wa kuirudisha. Mmeelewa? Pampu haijavunjika, imeganda tu.

Kwahiyo kabla hujawasha, ujue utazimaje. Yangu ni pampu ya mstari, vipampu 6 vimejipanga, fungua haka kamfuniko ka ubavuni, vibolti viwili, unaiona reki. Isukume kwa kidole. Inatakiwa iteleze na springi iirudishe yenyewe, chwaa. Hii ya kwetu... mnaona? Haisogei. Si niliwaambia. Usichukue nyundo! Weka dizeli safi na WD-40, gonga kidogokidogo na mpini wa bisibisi, mpini, siyo ncha, subiri, rudia. Jana tulikaa nayo tangu saa 4 mpaka saa 9, leo asubuhi imeganda tena na kabaridi haka ka mwezi wa saba. Subirini tuipashe.

(...)

Tumerudi. Imepita kama saa moja. Angalia sasa, chwaa, chwaa. Nayo kamba ya kuzimia nimeweka mpya, ivute mara 10 uone mkono wa pampu unafika mwisho.

Na bado shika ubao. Hata reki ikiwa safi. Toa hosi ya hewa, mdomo wa manifodi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini, ubaki wazi, tafuta ubao mnene, plaiwudi ya milimita 18 au zaidi, mkubwa kuliko mdomo wenyewe, jaribisha kama unaziba bila kupitisha hewa. Siyo kitambaa, siyo shati, siyo kiganja chako, inavuta kiganja hiyo. Mtu mmoja kazi yake ni ubao tu, hashiki simu, hapigi picha. Dogo, kazi yako leo nini?

Ubao.

Basi. Na ile sababu nyingine niliyosema ndo hii, ukiacha mafuta juu ya pistoni injini inaweza kuyachoma hayohayo ikapanda hata kama pampu imefungwa. Hapo kinachookoa ni kuziba hewa, hamna kingine.

Kutoa hewa kwenye mafuta: legeza skrubu ya juu ya filta, pampu kwa mkono kile kikono cha pampu ndogo, povu litoke mpaka dizeli ije tupu, funga. Nenda kwenye pampu kubwa, fanya hivyohivyo. Mwisho nati za nozeli, hizo tutalegeza wakati wa kupiga stata. Rahisi... ngoja. Ngoja ngoja. Dogo onyesha hapa. Mnaona hiyo povu? Nimepampu mara 50 na bado inatoka povu. Sasa mtu atazunguka anatafuta wapi panavuja, hapati, maana upande wa kuvuta haudondoshi kitu, unanyonya hewa kwa ndani. Kauka kabisa kwa nje. Hapa nahisi hii hosi, nilisema mpya eeh? Ya kuvutia mpya, hii kipande cha kutoka dumu niliokota hapo nje, basi ina ufa. Nakiri. Tunabadilisha.

Haya, povu limeisha.

Betri. Gari hii ni volti 24, betri mbili za 12, chanya ya hii inaenda hasi ya ile, alafu ncha mbili zilizobaki ndo zinaenda kwenye gari. Dogo asubuhi alifunga chanya na chanya, hasi na hasi, hiyo bado ni 12, stata ikawa inasinzia tu. Sijamsema, na mimi nilianza hivyohivyo.

Injini ipo nyuma ya viti, unaifikia kwa vifuniko vya ubavuni nyuma ya milango, kwahiyo wa ubao anasimama hapo nje, mimi kwa dereva, mkono wa kulia kwenye swichi, wa kushoto kwenye kamba ya kuzimia. Gia iko fri. Propela hazipo kwahiyo haiendi popote, ila weka mawe kwenye tairi, breki zake ni za upepo zinasukuma fluidi na upepo hamna.

Ubao upo? Upo. Nionyeshe. Haya.

Kwanza tunazungusha kamba ikiwa imevutwa, mpaka sindano ya oili ipande. Inapanda... imepanda, safi. Nati za nozeli nimelegeza, naachia kamba kidogo, piga, dizeli inachuruzika, navuta tena, funga moja moja, ya 1, ya 2, nyie ruka hapa.

Naachia kamba. Dogo macho kwangu. Moja, mbili...

Eeeh! Eeeh sikia hiyo! Moshi wote huo, samahani majirani, nguo zenu mtafua tena! Inatembea na silinda 5 hivi, ya 4 bado inasuasua, iache ipate moto. Spidi haipandi. Nikikanyaga inapanda, nikiachia inashuka. Inashuka! Dogo usiweke ubao chini, kaa nao, sijasema uweke chini. Pasua na yenyewe ilituacha tukapiga makofi.

Kwa wanaoniuliza rangi, hapana, sitapaka kijani ya jeshi, sitaki maswali kila kizuizi kutoka hapa mpaka Himo, nawaza ile krimu ya zamani ya malori ya kahawa. Mke wangu anasema bluu. Tutaona nani mwenye gari. Na karatasi zake zipo zote, kadi na mkataba, usinunue chuma cha namna hii kwa maneno ya mdomo.

Dakika ya 6, oili ipo, joto linapanda taratibu. Nazima. Navuta kamba... imezima yenyewe, kimya. Mmesikia hiyo? Mimi huo ukimya naupenda kuliko mngurumo.

Sasa weka ubao chini, dogo, asante.

Wiki ijayo ni breki, na... hiyo nini inadondoka? Sogeza kamera chini. Siyo dizeli, nusa. Maji. Yanatoka nyuma ya puli, hiyo ni pampu ya maji imekufa sili. Aah. Leta ndoo basi, na zima hiyo kamera nile kwanza.