Jarife Halivui Dagaa: Mhadhara Kuhusu Koili za Detekta

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwa ambao hawakuitikia. Mwenyekiti amenipa dakika 40, akaniambia nigusie koili zote za detekta, hizi mashine zetu za kutafutia dhahabu na vyuma ardhini: za duara, za yai, za mashine hii na ile, plagi zake, mpaka feki. Nitajitahidi. Lakini mnaonijua mnajua nitaanzia wapi, na kule nyuma naona watu wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Siku mkiniletea dukani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, koili ya inchi 18 mkitaka niwatafutie mnunuzi, zamu ya kucheka itakuwa yangu.

Detekta mnaijua, sitapoteza muda hapo. Swali la leo ni koili, ile sahani ya chini. Iliyokuja na mashine inatosha, au ununue nyingine? Na ukinunua, ipi? Miaka yote nimekuwa na jibu moja. Karibu kila mtu anayeingia kwangu kutafuta koili ya pili anataka iliyo kubwa kuliko aliyonayo. Nikimhoji vizuri anatafuta nini na wapi, karibu kila mmoja alitakiwa anunue ndogo.

Nimejuaje? Kwa hasara. Nilikuwa na detekta ya GPX 5000 na koili yake ya inchi 11. Mashine nzuri, haikunikosea kitu. Ila nikapata ugonjwa wa kina. Nikilala naota dhahabu iko mita moja chini inaniita kwa jina. Nikauza pikipiki. Nikaenda Dar es Salaam, muuzaji akanipa koili ya inchi 18, akaniambia, "Mzee, hii inashuka mara mbili." Mara mbili ya nini, sikuuliza. Nikapanda basi la Handeni nimeipakata kama mtoto mchanga.

Nikapiga korongo moja kwa mashine upande wa Magambazi siku 4. Ile koili ni nzito, ndugu zangu. Siku ya pili bega limevimba, nikaifunga kwa mpira wa baiskeli nikaitundika begani, nikawa natembea kama mtu aliyebeba jeneza peke yake. Na nilipata vitu! Nilipata kichwa cha shoka. Nilipata jembe, tena lilikuwa chini kweli, karibu nusu mita, na sauti yake ilikuwa tamu kiasi kwamba nilichimba huku naimba. Dhahabu, hakuna.

Siku ya tano asubuhi nafunga mizigo, akaja kijana wa Kizigua. Mashine yake kuukuu kuliko yangu, koili yake ya yai, ndogo, upana wake kama kiganja na nusu. Mtoto ana adabu. "Shikamoo babu. Hapa umeshamaliza?" Nikamwambia, "Marahaba mwanangu. Hapa pameisha, usijisumbue." Akasema, "Basi naomba nipitie tu." Nikakaa juu ya gunia langu nangoja bodaboda, yeye anapitia tu. Anapitisha koili polepole, karibu kuigusisha ardhi. Bodaboda inafika, kijana ana punje 7 za dhahabu, zote kazitoa ndani ya shubiri moja ya udongo, kwenye mstari ambao nyayo zangu zilikuwa bado zinaonekana. Kubwa yao ilikuwa kama mchele. Mimi nilikuwa nimepita juu yake mara mbili, kwenda na kurudi, nikitafuta mita moja.

Mke wangu nilimwambia pikipiki imeibwa. Leo yumo humu ukumbini, basi tuendelee.

Kwa nini nilizikosa? Koili ni waya uliozungushwa. Umeme ukipita unatandaza uga wa sumaku ardhini, chuma au dhahabu ikikumbwa na uga ule inazalisha mkondo wake mdogo, na mkondo huo ndio mashine inausikia. Sasa uga ukiutandaza kwenye duara pana, kila mahali panapata kidogo. Punje ya mchele inadaka kichembe cha hicho kidogo. Koili ndogo inaubana uga uleule pale karibu, punje inaguswa sawasawa. Ndiyo maana kila siku nawaambia habari ya jarife. Jarife ni wavu wa maana, papa humtoi kwa kimia. Lakini dagaa wanapita kwenye macho ya jarife wanakuaga.

Kuna mwalimu mstaafu pale mbele, kila nikisema hivi ananikosoa kwamba koili haina macho. Kweli Mwalimu, haina. Lakini mvuvi wa Deep Sea akisikia hivyo ananielewa siku hiyohiyo, na wewe umenielewa miaka mitatu baadaye.

Na kwa kuwa Mwalimu anapenda hesabu, hii hapa, nayo ndiyo iliyokula pikipiki yangu. Ukishakuwa mbali kuzidi upana wa koili yenyewe, uga unapungua kwa mchemraba wa umbali. Umbali ukiwa mara mbili, inabaki moja ya nane. Hiyo ni safari ya kwenda. Safari ya kurudi nayo ina nauli ileile, moja ya nane nyingine. Nane mara nane, 64: kina mara mbili kinataka nguvu mara 64. Basi mtu akikuuzia koili au kipaza sauti au dawa yoyote ya kuongeza nguvu ya mashine mara mbili, kina hakiongezeki mara mbili. Kinaongezeka kama asilimia 12. Ulikuwa unasikia sentimita 30, sasa unasikia 33 na ushei. Vidole viwili! Pikipiki nzima, mafuta yamo, kwa vidole viwili vya udongo.

Nasikia mnong'ono: "Mbona Waaustralia wana koili za inchi 17 na zaidi?" Wanazo. Wale wanarudi kwenye ardhi ambayo imepigwa miaka mingi na koili ndogo, punje za juu zimeshaisha, sasa wanawinda kipande kikubwa kilichobaki chini. Hiyo ndiyo kazi ya koili kubwa: kitu kikubwa, kilicho chini, mahali pasipo na takataka. Wewe korongo lako limeshapigwa na nani? Umeanza na paa hujajenga msingi. Na usiniambie habari ya jamaa aliyetoa gramu 30 kwa mpigo na koili kubwa. Nami namjua. Muulize tangu hapo amepata nini.

Tena kuna udongo. Ule udongo mwekundu wa Handeni na Kilindi umejaa chuma, mashine inausikia. Koili kubwa inameza udongo mwingi kwa mara moja, kwa hiyo inameza kelele nyingi. Unapunguza mashine ili inyamaze, ukishaipunguza, kile kina ulichonunua umekirudisha dukani, ila pesa hurudishiwi.

Nanyi wa rupia, zile sarafu za zamani, msikunje uso, sijawasahau. Najua mmejaa humu. Rupia ya fedha ya Mjerumani ina upana wa milimita 30 na uzito wa gramu 11 na nusu hivi, na fedha ni kipitisha umeme kizuri mno. Ni sauti rahisi kwa koili yoyote. Ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916, ni gramu 7 tu, na kila anayekuja kwangu anatafuta hiyo hiyo. Tabu yenu haihusu kina. Tabu yenu ni misumari. Mnapiga kwenye kambi za zamani za mkonge na kando ya reli: misumari, nyaya, vipande vya reli nyembamba za trole, bati. Humu mjini kwenyewe Waingereza na Wajerumani walipigana Novemba 1914, maganda ya risasi yamelala kila mahali. Koili ya inchi 15 ikipita hapo, chini yake kuna misumari mitatu na rupia moja kwa wakati mmoja. Mashine inasema chuma, wewe unapita. Koili ya inchi 5 au 6 inasikia msumari, inanyamaza, inasikia rupia. Utatembea polepole kama bibi harusi, sawa. Lakini ule uwanja ambao mmesema umekwisha, haujakwisha. Na ukikuta ganda kubwa la mzinga ambalo hujui kama limeshalipuka, acha hapohapo, toka, kaite polisi. Hilo halina utani.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Haya, nakimbia.

Aina ya waya. Mono ni mzingo mmoja, ndio unatuma na ndio unapokea. Iko kwenye zile mashine za mapigo kama GPX, zinazotuma umeme kwa vipigo vifupivifupi, na kwa punje ndogo ndiyo kali. Dabo-D ina mizingo miwili yenye umbo la D imelaliana katikati. Inatulia zaidi kwenye udongo mkali na inasikia kwa mstari kama makali ya panga, mbele hadi nyuma, ndiyo maana nayo haikuachii mahali ukipiga kwa mistari. Ile ya duara ndani ya duara inasikia kama pia iliyochongoka chini, inakuonyesha kitu kilipo barabara, inafaa kwenye udongo mpole. Ukiipeleka Handeni italia mchana kutwa. Ufukweni Raskazone, chumvi ya maji nayo inapitisha umeme. Mashine ya masafa mamoja, yaani inayotuma wimbi la aina moja mfululizo, itapiga kelele kwenye mchanga mbichi, na hapo pia koili ndogo inapunguza tabu. Yai au duara? Kwenye visiki na mawe, yai. Nimemaliza hilo.

Plagi. Sikilizeni, plagi kuingia si ndoa. Koili ya mashine ya masafa imepimwa kwa masafa ya mashine ile na mizingo yake imesawazishwa ili isisikilizane yenyewe. Ya mashine nyingine itaingia, itajifunga vizuri, na mashine itapiga yowe kana kwamba umeikanyagisha bati. Gold Monster 1000 inafanya kazi kwa kilohezi 45. Usiniletee koili ya mashine ya kilohezi 15 ukasema pini ni zilezile. Koili ya mapigo na ya masafa hazibadilishani kabisa. GPZ 7000 na GPX 6000 zina chipu ndani ya koili, mashine inaitambua kabla ya kufanya kazi. Kwa GPX 6000 kuna za Coiltek na Nugget Finder za Australia zilizotengenezwa kwa ajili yake. XP Deus haina waya kabisa, koili ina betri yake, kwa hiyo ile ndiyo kabisa, nunua ya kwao. Kwa hiyo unaponunua usiseme "nataka koili ya inchi 10". Taja mashine, taja toleo, hata kama muuzaji anakuona msumbufu.

Feki. Siwezi kuwafundisha feki kwa dakika 3. Peleka mashine yako dukani, washa palepale, usinunue koili kwa picha ya simu. Gonga ganda kwa kucha huku imewaka: ikilia kila ukigonga, mizingo ndani haijashikwa vizuri, na kwenye vichaka vya miiba vya Handeni itakulilia kila hatua. Waya uzungushe ubane kwenye fimbo, usiuache ukining'inia, nao unaleta sauti za uongo. Bolti ya plastiki ikikatika tafuta ya plastiki. Nimeona mtu ameweka ya chuma. Ya chuma! Kwenye detekta!

Sheria nilitaka niizungumze kwa kirefu, haiwezekani. Kwa ufupi: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Kwa hiyo Tongoni msiende na mashine, na magofu mengine vilevile. Atakayekamatwa asitaje jina langu.

Kuna mtu aliniuliza asubuhi, kama ana pesa ya koili moja tu ya ziada, achukue ipi. Kama mashine yako ilikuja na ya inchi 11, chukua ya yai ya inchi 8 au 10 kwa urefu, mono kama ni mashine ya mapigo na udongo unaruhusu. Kama unatafuta rupia kwenye misumari, ndogo zaidi ya hapo, dabo-D.

Na msiniamini mimi. Nje, chini ya ule mwembe, nimeweka ndoo 3 za udongo mwekundu nilioubeba kutoka Handeni. Nimechukua chubwi la mshipi nikalikata vipande, kwa sababu madini ya risasi yakiwa madogo namna ile mashine inayasikia karibu sawa na punje ya dhahabu. Kipande kimoja kama mchele, kimoja kama kunde, kimoja kama punje ya mahindi. Kila ndoo ina kimoja, na sisemi ipi ina kipi. Nendeni mkapitishe koili zenu. Yule bwana wa shati la kijani mwenye inchi 18 aliyekuwa ananibishia tangu mwanzo, tafadhali, aanze yeye.