Kikombe Kinachoelea Ndooni

Ndugu mwenyekiti, walimu, wazazi wenzangu, wakubwa, shikamooni. Sitaanza na kipindupindu cha London mwaka 1854, wala Daktari John Snow, aliyeonyesha kwamba ugonjwa ule ulitoka kwenye maji ya pampu ya Mtaa wa Broad. Hiyo nimewaimbia mpaka mmeichoka. Leo nina ugomvi na kikombe.

Kikombe kile cha plastiki kinachoelea kwenye ndoo ya darasani. Mtazameni mtoto wa darasa la pili akienda kunywa. Katoka chooni, mikono kaifutia kwenye kaptula. Safari hii kikombe kimejaa maji kikazama, basi anakifuata: vidole, kiganja, mpaka kifundo. Anachota, anakunywa nusu, na kwa kuwa tumemfundisha asimwage maji ovyo, yaliyobaki anayarudisha ndooni. Adabu njema kabisa! Nyuma yake foleni ya darasa zima.

Maji hayo asubuhi yalitoka bombani yakiwa safi. Nalisema hili kwa sababu kila kikao tunalaumu kisima, mto, mamlaka ya maji. Mara nyingi maji yanatufikia salama, tunayachafua wenyewe kabla hayajafika mdomoni. Vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu hutoka kwenye kinyesi, na vidole ndiyo daladala yao.

Yupo mzee pale anatikisa kichwa. Najua: "Sisi tumekulia mtungi na kata, mbona hatukufa?" Mzee wangu, waliokufa hawaji mikutanoni. Na sijasema mtungi utupwe. Unapoza maji kuliko friji iliyokatikiwa umeme. Lakini kata ya bibi ilikuwa na mpini mrefu, mkono haukugusa maji! Tumeacha mpini, tumebaki na kikombe, halafu tunaita mila. Hata Marekani kikombe cha pamoja kilikuwepo kwenye treni na shuleni. Jimbo la Kansas likakipiga marufuku mwaka 1909. Sijasikia kwamba watu walikufa kwa kiu.

Tunachotaka ni ndoo yenye koki na kifuniko kinachobana. Basi. Fundi bomba anatoboa, anafunga koki na mpira wake, kazi imekwisha. Atakayesema shule haina hela, nitamuuliza keki ya mahafali ilinunuliwa na nani.

Mengine haraka, mwenyekiti anatazama saa. Kuchemsha: huku pwani maji yakitokota sawasawa dakika moja yanatosha, msimalize mkaa. Klorini: fuateni kipimo cha kwenye chupa, subirini nusu saa, maji ya tope yachujwe kwanza, maana tope linakula dawa. Kisha msiyamimine kwenye dumu lenye utelezi ndani, utelezi huo ni makazi ya vijidudu. Choo na kisima... hapana, hilo lina slaidi nyingi, tuliache.

Maswali? La filta za dukani nitalijibu nje, maana huyo anayenyoosha mkono namjua, ndiye anayeziuza.