Kristofa wa Ubao

BARAKA: Karibuni tena, wapendwa. Dada Neema, leo umetuletea picha moja tu.

NEEMA: Moja, kaka, na inatosha. Ni Mtakatifu Kristofa wa Buxheim, chapa ya ubao kutoka Ujerumani. Mwaka wake umechongwa pale pale chini: 1423. Biblia ya Gutenberg, kitabu kikubwa cha kwanza Ulaya kuchapwa kwa herufi za chuma, ilikuwa bado miaka thelathini na ushei.

BARAKA: Msikilizaji haioni. Tueleze.

NEEMA: Ukubwa wake unakaribia karatasi ya A4. Kristofa, pandikizi la mtu, anavuka mto, mkononi ameshika mti mzima kama fimbo. Mtoto Yesu amekaa begani. Ng'ambo, mkaapweke anawamulikia kwa taa. Halafu pembeni, tazama: punda na gunia wanakwenda kwenye kinu cha maji, na mtu mwingine anapandisha mlima, gunia mgongoni. Na sungura anachungulia shimoni mwake!

BARAKA: Maisha ya kijiji yanaendelea kama kawaida.

NEEMA: Ndiyo ninachokipenda. Mtakatifu anapita, na watu wako kwenye unga wao.

BARAKA: Na ilitengenezwaje?

NEEMA: Kama muhuri. Unachora juu ya ubao, unachimba kila mahali isipokuwa mistari. Mistari inabaki juu, unaipaka wino, unalaza karatasi, unakandamiza. Rangi zinatiwa baadaye kwa mkono. Kazi ni maandishi, kaka, maana yanachongwa kinyumenyume ili yakichapwa yasomeke. Na hapa kuna mistari miwili ya shairi la Kilatini.

BARAKA: Inasemaje?

NEEMA: Siku yoyote utakayoutazama uso wa Kristofa, siku hiyo hutakufa kifo kibaya.

BARAKA: Kifo kibaya, yaani cha ghafla?

NEEMA: Cha ghafla, kabla hujaungama, kabla hujapata sakramenti. Watu waliogopa hilo kuliko maumivu. Kwa hiyo picha hii ilikuwa ya kutazamwa kila siku. Na ubao mmoja unatoa nakala nyingi, kwa hiyo hata mtu asiye na uwezo wa kumlipa mchoraji angeweza kuwa na mtakatifu wake.

BARAKA: Sasa nyingine zilikwenda wapi?

NEEMA: Karatasi ukutani, kaka! Moshi, unyevu, wadudu. Marehemu bibi yangu alikuwa na Bikira Maria juu ya mlango wa jikoni. Moshi uliigeuza rangi ya chai, pembe moja ikaliwa na mende. Nyumba ilipobomolewa, hakuna aliyejua ilikokwenda.

BARAKA: Na Kristofa huyu akaponaje?

NEEMA: Alibandikwa ndani ya jalada la kitabu kilichoandikwa kwa mkono, kilichokuwa kwenye monasteri ya watawa Wakartusi ya Buxheim. Jalada la pili lina Malaika Gabrieli akimpasha Maria habari. Leo vyote viko Manchester, maktaba ya John Rylands. Kitabu kilifungwa, giza likamtunza.

BARAKA: Lakini aliyeifunga hakuiona kila siku.

NEEMA: Hakuiona. Bibi aliiona ya kwake kila asubuhi, kabla hajawasha moto.